Kompyuta Iliyo Mbali: Historia ya Ugawanaji wa Kompyuta Vyuoni hadi Eneokazi Pepe, na Nafasi ya Mwanachuo wa Rugera, Kagera

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya wazo moja katika elimu ya juu: kwamba mwanachuo anaweza kufanya kazi kwenye kompyuta iliyo mbali naye, yeye akiwa na skrini na kibodi tu. Wazo hilo lilianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo linarejea vyuoni kwa sura ya eneokazi pepe la wingu. Insha inalitazama wazo hilo kwa kuzingatia historia ya kompyuta nchini Tanzania, kuanzia mwaka 1965 hadi sasa, na kwa kuzingatia mazingira ya Rugera katika ukanda wa wilaya za Karagwe na Kyerwa. Hoja kuu ni kwamba, katika kila kipindi, kuipeleka kompyuta mbali na mtumiaji hakukuondoa uhaba. Kuliuhamisha uhaba huo kutoka kwenye mashine kwenda kwenye njia inayoifikia mashine hiyo. Kwa hiyo mafanikio ya mpango wowote wa namna hii yanapaswa kupimwa kwa swali moja: ni nani anayeibeba gharama ya njia?

1.0 Utangulizi

Eneokazi ni ule uso wa kompyuta ambao mtumiaji huuona anapoiwasha: mafaili yake, programu zake na mpangilio wake wa kazi. Kwa kawaida vitu hivyo hukaa ndani ya mashine iliyo mezani. Katika eneokazi pepe, vitu hivyo vyote hukaa kwenye seva iliyo kwingine, na mashine ya mtumiaji hupokea picha ya skrini na kutuma mibofyo ya kibodi na kipanya. Seva hiyo inapokuwa katika kituo cha data kinachokodishwa kupitia intaneti, mfumo huo huitwa eneokazi pepe la wingu. Mwanachuo huweza kuufungua kwa kompyuta kuukuu, kwa kishikwambi, au hata kwa simu janja, akakuta kazi yake pale alipoiachia.

Vyuo vikuu vimevutiwa na mfumo huu kwa sababu zinazoeleweka. Maabara ya kompyuta ni ghali kuijenga na ni ghali zaidi kuitunza. Mashine huchakaa, huibwa na hushambuliwa na virusi. Programu za takwimu, za uchoraji wa kihandisi na za ramani huhitaji leseni na mashine zenye nguvu ambazo wanachuo wengi hawana. Kuziweka programu hizo mahali pamoja na kuzigawa kwa wote ni wazo lenye mantiki. Hata hivyo, si wazo jipya. Mtafiti anayelichukulia kuwa jipya hukosa funzo la zaidi ya miaka sitini ya majaribio, yakiwamo yale ya Tanzania yenyewe.

Insha imegawanyika katika sehemu saba. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza chimbuko la wazo, ya tatu inaeleza marufuku ya mwaka 1974, na ya nne inaeleza safari kutoka setilaiti hadi mkongo. Sehemu ya tano inajadili kuzaliwa kwa eneokazi pepe, ya sita inalipima kwa hali ya Rugera, na ya saba inahitimisha.

2.0 Kompyuta Moja, Watumiaji Wengi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kompyuta ya chuo kikuu ilikuwa mashine moja kubwa iliyojaza chumba. Mtafiti aliandika programu yake kwenye kadi zenye matundu, akamkabidhi mwendeshaji, akarudi baada ya saa kadhaa au kesho yake kuchukua majibu. Kosa la herufi moja lilitosha kumrudisha mwanzo. Mashine ilikuwa ghali mno kiasi kwamba muda wa binadamu ulitumika kuuhifadhi muda wa mashine.

Mwaka 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT), Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo uliikata kazi ya mashine katika vipande vidogo vya muda, ukamhudumia kila mtumiaji kwa zamu ya haraka kiasi kwamba kila mmoja alijiona kana kwamba anaimiliki kompyuta peke yake. Mwaka huohuo, katika maadhimisho ya miaka 100 ya chuo hicho, John McCarthy alieleza kuwa huenda siku moja huduma ya kompyuta ikatolewa kwa umma kama inavyotolewa huduma ya simu. Tarehe 1 Mei 1964, katika Chuo cha Dartmouth, mfumo wa ugawanaji wa muda ulioongozwa na John Kemeny na Thomas Kurtz ulianza kufanya kazi pamoja na lugha ya BASIC. Nia yao ilikuwa kwamba kila mwanachuo, hata wa fasihi au historia, aweze kuitumia kompyuta.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, wazo la kompyuta ya mbali lilizaliwa vyuoni, na lilizaliwa kwa nia ya usawa. Pili, usawa huo ulitegemea waya. Vituo vya Dartmouth viliunganishwa na mashine kuu kwa nyaya za simu zilizokuwapo tayari. Waliobuni mfumo hawakulazimika kuuliza kama njia ipo, kwa kuwa ilikuwapo na ililipiwa na taasisi. Swali hilo lilikuja kuulizwa na watu wa mahali pengine.

3.0 Tanzania: Mashine ya 1965 na Marufuku ya 1974

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya aina ya ICT 1500, na kazi yake ilihusu hesabu za Serikali. Wakati huo elimu ya juu nchini ilikuwa changa. Chuo kilichoanza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimeingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kikahamia Mlimani mwaka 1964, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tarehe 1 Julai 1970.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Uamuzi huo mara nyingi hutajwa kwa mshangao, kana kwamba ulikuwa woga wa maendeleo. Ukitazamwa katika muktadha wake, unaeleweka vizuri zaidi. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tangu mwishoni mwa mwaka 1973, ukame ulikuwa umeipunguza chakula, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Zaidi ya hayo, uzoefu wa kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta ulikuwa umeleta hasara na vurugu. Mashine ilikuwa nchini, lakini ujuzi wa kuiendesha na kuirekebisha ulitegemea wataalamu wa kigeni. Serikali ilijikuta inamiliki chombo isichokitawala.

Marufuku hiyo ilikuwa na athari kwa vyuo. Wakati vyuo vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinahama kutoka kwenye mashine kubwa ya pamoja kwenda kwenye kompyuta ndogo za mezani, taasisi za Tanzania zilihitaji kibali maalumu kupata mashine yoyote. Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980, na uingizaji ukawa huru zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kizazi kizima cha wahadhiri kilihitimu, kikafundisha na kuandika tasnifu bila kompyuta.

Kwa historia ya eneokazi pepe, funzo la mwaka 1974 ni la umiliki. Tatizo la wakati ule halikuwa umbali wa mashine, kwa kuwa mashine ilikuwa Dar es Salaam. Tatizo lilikuwa umbali wa ujuzi. Mfumo wa wingu unaongeza umbali wa pili juu ya ule wa kwanza: mashine nayo inakuwa nje ya nchi, na mkataba wake unaandikwa na mwenye mashine. Chuo kinachoingia katika mpango huo bila wataalamu wake wenyewe kinarudia hali ya Wizara ya Fedha kwa sura mpya, kwa tofauti kwamba safari hii hakuna hata mashine ya kubaki nayo mkataba ukivunjika.

4.0 Kutoka Setilaiti hadi Mkongo

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sida/SAREC ya Uswidi, kilijenga mtandao wa ndani ya kampasi. Kompyuta za idara ziliunganishwa na wahadhiri wakapata barua pepe. Lakini nje ya lango la kampasi, njia ya kwenda duniani ilipita angani. Intaneti ya vyuo vya Afrika Mashariki ilitegemea sahani za setilaiti, na bei yake ilikuwa kubwa kiasi cha kuvifanya vyuo vya nchi kadhaa, Dar es Salaam na Makerere vikiwamo, kuungana ili kununua uwezo wa setilaiti kwa pamoja.

Kipindi hicho kilishuhudia majaribio mawili ya kumfikia mwanachuo aliye mbali. La kwanza ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993. Chuo hicho hakikutegemea kompyuta. Kilitegemea vitabu vya masomo vilivyochapwa, vipindi vya ana kwa ana na vituo vya mikoa, kimojawapo kikiwa Bukoba. La pili ni Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichobuniwa na Benki ya Dunia mwaka 1997 na kuhamishia makao yake Nairobi mwaka 2002. Chuo hiki kilirusha mihadhara kwa setilaiti hadi katika vyumba vya vyuo washirika. Tofauti kati ya majaribio haya mawili ni muhimu. La kwanza lilipeleka maarifa katika umbo ambalo mwanachuo angeweza kukaa nalo kijijini, akalisoma kwa taa ya chemli. La pili lilimtaka mwanachuo awepo mahali ambapo njia imefika.

Wakati wa setilaiti, eneokazi pepe lisingewezekana hata kama fedha zingepatikana. Setilaiti za mawasiliano za wakati huo zilikuwa umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Mbofyo mmoja wa kibodi ungepaa hadi setilaiti na kushuka hadi seva, kisha jibu lingepaa na kushuka tena: jumla ya kilomita 144,000. Kwa mwendo wa mwanga wa kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde hata kabla ya ucheleweshaji mwingine wowote. Barua pepe huvumilia nusu sekunde. Mtu anayeandika sentensi na kusubiri kila herufi ionekane hawezi kuvumilia.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009 na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Nchini, ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, ukaendelezwa hadi kwenye mipaka ya nchi jirani. Ndani ya kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo, seva iliyo umbali wa kilomita 4,000 hujibu kwa takriban sekunde 0.04 za safari tupu. Kwa mara ya kwanza, kompyuta iliyo nje ya nchi iliweza kutumika kana kwamba iko chumba cha pili. Mkongo ndio uliolifanya wingu liwezekane.

5.0 Kuzaliwa kwa Eneokazi Pepe la Wingu

Vyuo vya Afrika Mashariki havikuanza na eneokazi zima. Vilianza na barua pepe. Mwaka 2007, kabla ya mkongo kufika, kampuni ya Google ilitangaza makubaliano na Wizara ya Miundombinu ya Rwanda na mtandao wa elimu wa Kenya, KENET, ya kuwapa wanachuo huduma zake za barua pepe na uandishi wa nyaraka bila malipo. Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya umma vya Rwanda vilikuwa miongoni mwa walengwa wa mwanzo. Hatua hiyo ilikuwa ndogo kiufundi lakini kubwa kihistoria: nyaraka za wanachuo na mawasiliano ya walimu wao yalianza kukaa katika seva ambazo vyuo havikuwa na ufunguo wake.

Eneokazi kamili lilikuwa limeshaanza kujaribiwa kwingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, kilianzisha maabara pepe iliyomwezesha mwanachuo kuomba mashine yenye programu anazozihitaji, akaitumia kwa saa chache kutoka popote, kisha mashine hiyo ikapangiwa mtu mwingine. Huo ulikuwa ugawanaji wa muda wa mwaka 1961 uliovaa nguo mpya, na mashine zilikuwa mali ya chuo chenyewe. Baadaye makampuni yaliligeuza wazo hilo kuwa bidhaa. Amazon ilitangaza huduma yake ya WorkSpaces mwishoni mwa mwaka 2013, na Microsoft ikazindua rasmi Windows Virtual Desktop Septemba 2019, iliyobadilishwa jina mwaka 2021 kuwa Azure Virtual Desktop. Microsoft ilifungua vituo vya data Johannesburg na Cape Town Machi 2019, na Amazon ikafungua vya Cape Town Aprili 2020. Wingu likawa limeingia barani, ingawa katika kona yake ya kusini.

Kisha likaja janga la UVIKO-19. Machi 2020 vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020. Duniani kote vyuo viligundua kuwa maabara ya kompyuta iliyofungwa kwa kufuli ni mali isiyo na faida, na vingi viliharakisha mipango ya kuzifungua mashine zao kwa mbali. Nchini Tanzania, kufungwa kwa vyuo kuliwarudisha wanachuo makwao, wengi wao vijijini, na hapo tofauti ya njia ikawa tofauti ya elimu. Mwanachuo wa Dar es Salaam na mwanachuo wa Kyerwa walikuwa na kitambulisho cha aina moja, lakini hawakuwa na chuo kimoja.

Sheria nazo zilibadilika. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa mifumo ya taasisi za umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, iliweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Eneokazi la mwanachuo si programu tu. Ndani yake mna matokeo ya mitihani, madodoso ya utafiti yenye majina ya wahojiwa, na rasimu za tasnifu. Swali la mahali seva ilipo, ambalo kwa fundi ni swali la sekunde, kwa mwanasheria ni swali la mamlaka.

6.0 Rugera: Hesabu ya Njia

Rugera iko katika ukanda wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Ni nchi ya migomba, kahawa na maharage, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Ukanda huu umepakana na Rwanda na Uganda kwa mto Kagera. Mwanachuo wa masafa anayeishi huku, akitakiwa kufika kituoni Bukoba, husafiri zaidi ya kilomita 100. Kazi zake nyingi hufanyika kati ya simu yake na duka la steshenari la senta iliyo karibu, ambako huchapisha, hutoa nakala, na huhifadhi kazi kwenye flashi. Flashi hiyo hupita katika kompyuta za watu wengi na hubeba virusi vya wote. Tasnifu ya miezi mingi inaweza kupotea kwa sababu ya kifaa kidogo kuliko kidole.

Kwa mwanachuo wa namna hii, eneokazi pepe lina faida za kweli. Kazi yake haikai kwenye flashi, hukaa kwenye seva. Umeme ukikatika katikati ya sentensi, sentensi haipotei. Hili si jambo dogo katika mkoa ambao kwa miaka mingi umeme wake ulivutwa kutoka Masaka, Uganda, badala ya gridi ya taifa. Aidha, mwanachuo anaweza kutumia programu ya takwimu ambayo asingeweza kuinunua wala kuiendesha kwenye mashine yake. Hoja ya insha hii si kwamba eneokazi pepe halifai.

Hoja ni ya hesabu. Mwongozo wa Microsoft kwa huduma yake unapendekeza njia ya megabiti 1.5 kwa sekunde kwa mtumiaji wa kazi nyepesi, na ucheleweshaji usiozidi sekunde 0.15 kwenda na kurudi. Iwapo njia ya megabiti 1.5 itatumika yote kwa saa moja, itapitisha megabaiti 675. Mwanachuo akifanya kazi saa mbili kwa siku, siku 20 kwa mwezi, atafikia gigabaiti 27. Hata akitumia nusu ya hiyo, ni gigabaiti 13.5. Ikilinganishwa na hiyo, tasnifu nzima ya maandishi matupu, ikiandikwa kwenye mashine iliyo mezani na kutumwa kwa msimamizi mara moja, huwa ni megabaiti chache tu. Tofauti hiyo hulipwa na mtu, na kwa mwanachuo aliye nyumbani hulipwa kwa bando la simu.

Hapa ndipo historia inapotoa maelezo. Chuo kinapofunga maabara na kuhamia kwenye wingu, gharama ya mashine, umeme, ulinzi na mafundi huondoka katika vitabu vya chuo au hupungua. Gharama ya njia, ambayo ndani ya maabara ililipwa na chuo, huhamia mfukoni mwa mwanachuo. Hakuna aliyeamua hivyo katika kikao. Imetokea kwa kuwa njia haikuandikwa kama gharama. Mafungu ya mkopo wa elimu ya juu, uliowekewa msingi na sheria ya mwaka 2004, yamepangwa kwa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Yalipangwa katika dunia ambamo kompyuta ya chuo ilikuwa chuoni.

Karagwe ina historia ndefu ya kuishi kwenye njia, na historia hiyo ina la kufundisha. Katikati ya karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita hapa kutoka Unyanyembe kwenda Buganda. Speke na Grant walipokelewa na Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Wafanyabiashara hao hawakutegemea safari moja ndefu isiyo na kituo. Walianzisha Kafuro, karibu na Bweranyange, mahali pa kuhifadhi bidhaa, kupumzika na kujipanga upya. Njia ndefu ilihitaji kituo cha katikati, na kituo hicho kiliwafaa pia wenyeji waliokuwa karibu nacho.

Mfano wa karibu zaidi ni wa redio. Shirika la FADECO la Karagwe lilitumia redio ya jamii kuwafikishia wakulima maarifa, yakiwamo yaliyopatikana kupitia intaneti. Mkulima hakuhitaji kulipia intaneti. Palihitajika njia moja nzuri iliyofika mahali pamoja, na chombo cha bei nafuu cha kuyagawa maarifa kutoka hapo. Huo nao ni ugawanaji, lakini ni ugawanaji ambao gharama yake ya njia imebebwa na kituo badala ya mtu mmoja mmoja.

Kwa mtazamo huo, mpango wa eneokazi pepe unaoifaa Rugera unaweza kuelezwa kwa mambo matatu. Kwanza, njia ifikishwe katika vituo vya wilaya na kulipiwa na taasisi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, tayari una jukumu la kupeleka mawasiliano vijijini, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayojengwa mkoani Kagera chini ya mradi wa HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, inaweza kuwa shina la vituo hivyo. Pili, mashine za kituoni ziweze kufanya kazi za msingi hata njia inapokatika, kwa kuwa mashine isiyoweza chochote bila njia huigeuza hitilafu ya saa moja kuwa siku iliyopotea. Tatu, eneokazi pepe litumike kwa kazi zinazolihitaji, kama vile programu nzito na hifadhi salama, na uandishi wa kawaida uachwe ufanyike mezani na kulinganishwa na seva pale njia inapopatikana.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha mzunguko. Kompyuta ilianza ikiwa mbali na mtumiaji, ikasogea hadi mezani kwake, kisha ikarudi mbali tena. Katika mzunguko wa kwanza waliobuni mfumo walikuta nyaya zipo. Tanzania iliingia katika simulizi hiyo ikiwa na mashine bila ujuzi, ikaifungia mlango mashine kwa zaidi ya muongo mmoja, kisha ikaingia katika enzi ya intaneti ikiwa na njia ya angani iliyokuwa ghali na ya polepole. Mkongo wa mwaka 2009 ulibadilisha lililowezekana. Haukubadilisha swali la nani analipa kutoka pale mkongo unapoishia.

Watafiti wa elimu ya juu wamezoea kuhesabu kompyuta: ngapi kwa wanachuo wangapi. Kipimo hicho kilifaa wakati uhaba ulikuwa kwenye mashine. Katika enzi ya eneokazi pepe, chuo kinaweza kuripoti kwa ukweli kamili kwamba kila mwanachuo amepewa kompyuta, huku mwanachuo wa Rugera akiwa hajafungua yake kwa mwezi mzima kwa kukosa bando. Ripoti hiyo haitakuwa ya uongo, lakini itakuwa imepima kitu ambacho hakipungui tena. Kinachopungua ni njia, na njia inapaswa kuingizwa katika bajeti ya chuo, katika mafungu ya mkopo na katika utafiti kwa jina lake yenyewe, kama zinavyoingizwa ada, chakula na vitabu.